Kiungo Kisichoonekana

Mtu akiiona bunduki bora ya London kwa mara ya kwanza, aghalabu huipita. Mitutu miwili myeusi imelala ubavu kwa ubavu. Nyuma yake kuna mtambo wa chuma cha kijivu, wenye nakshi nyembamba kiasi kwamba ukisimama hatua tatu mbali unaona kivuli tu. Kisha kitako cha mti wa mjozi kilichosuguliwa kwa mafuta ya kitani, hakina vanishi wala lulu wala pembe. Ukiiweka karibu na kazi za Nicolas-Noël Boutet, mkuu wa karakana ya Versailles zama za Napoleon, aliyejaza fedha na dhahabu kila alipopata nafasi, utadhani ya London haijamalizwa.

Uchache huo ni wa makusudi, na aliyeufanya kuwa mtindo anajulikana. Joseph Manton alikuwa na duka Mayfair, London, mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, wakati bunduki zilikuwa bado za gumegume. Alipunguza mapambo mpaka sifa yote ikabebwa na umbo lenyewe. Mwaka 1806 alipata hataza ya ukanda wa chuma ulioinuka kati ya mitutu miwili. Kazi ya ukanda ule ni kuifanya bunduki ipige juu kidogo, lakini tazama unavyolitendea jicho: unalichukua karibu na shavu la mpigaji na kulipeleka moja kwa moja hadi ncha ya mtutu, bila kituo. Ni mstari mmoja, na bunduki nzima imepangwa kuutii. James Purdey alifanya kazi chini ya Manton kabla ya kufungua duka lake mwaka 1814, na inasimuliwa kwamba alikuwa akisema bila Manton wote wangebaki wahunzi tu. Manton mwenyewe alifilisika mwaka 1826, na mwaka huohuo Purdey akahamia kwenye jengo la Manton la Oxford Street. Mtindo ukaendelea, jina mlangoni likabadilika.

Katika umbo hili nataka kusoma jambo moja, nalo ni kiungo. Bunduki yoyote ni chuma na mti vilivyolazimishwa kuishi pamoja. Chuma hupata moto, hurudi nyuma kwa kishindo, huota kutu. Mti hunywa maji, huvimba, hupasuka. Fundi hana budi kuamua viungane wapi, na akishaamua hilo, kama kiungo kionekane au kifichwe.

Waomani waliamua kwa namna inayofahamika pwani yetu. Katika bunduki zao ndefu za utambi, zile wanazoziita abu fatila, mtutu umefungwa kwenye mti kwa pete za fedha, moja baada ya nyingine, kuelekea nchani. Pete hizo ni pambo na ni kifungo kwa wakati mmoja. Ukiziondoa, bunduki haitakuwa na urembo na wala haitakuwa bunduki, maana mtutu utaanguka. Sonara akiongeza pete mpya karne moja baadaye, pete hiyo mara nyingi haifanani na wenzake, na hakuna anayeona haya. Kiungo kiko wazi, na matengenezo yako wazi.

London ilichagua kinyume chake. Fundi wa kitako huwasha kibatari (ndiyo, kibatari kilekile ambacho wengi wetu tulisomea usiku) na kupitisha chuma juu ya moshi wake mpaka kishike masizi. Hukibana kwenye mti alioanza kuuchimba, kisha hukitoa. Mti unapopata weusi ndipo chuma kinapogusa, na hapo hukwangua kwa patasi, kidogo sana. Hupaka masizi tena, hubana tena, hutoa tena, kwa siku nyingi, mpaka weusi uenee mahali pote sawasawa. Wanaounganisha mitutu na mtambo hufanya hivyohivyo, chuma kwa chuma, kwa tupa na masizi. Mwishowe mpaka kati ya mti na chuma unabaki mstari ambao unywele haupenyi. Kwenye bunduki mpya mti huachwa umeinuka juu ya chuma kwa kiasi ambacho macho hayakioni. Pitisha ukucha, utakigusa. Kimo hicho kidogo ni cha muhimu sana, na nitakirudia nikifika kwenye ukarabati.

Tazama pia skrubu. Katika kazi ya daraja la juu kichwa cha kila skrubu kimechongwa ua dogo, na mifereji ya bisibisi imelala yote kuelekea upande mmoja na mtutu. Fundi hukaza skrubu kwanza, halafu ndipo huchonga mfereji mahali skrubu iliposimama. Kwa hiyo mfereji ulioelekea kando ni ushahidi kwamba mkono usiohusika ulipita hapo. Mifereji yenyewe ni myembamba mno, na bisibisi ya dukani huivunja kingo. Mkaguzi mzoefu huanzia hapo kabla hajatazama kitu kingine chochote.

Kiungo kinachonivutia kuliko vyote hakimo kati ya mti na chuma. Mwaka 1880 Frederick Beesley, fundi aliyewahi kufanya kazi kwa Purdey, aliwauzia hataza ya mtambo ambao kampuni hiyo inautumia mpaka leo. Kwenye bunduki nyingi za mitutu miwili, ukifungua ili kutoa maganda, mkono wako ndio unaokaza springi. Unafungua kwa nguvu kwa sababu springi zinakupinga. Beesley aligeuza mambo. Springi yake ina mikono miwili iliyokunjwa pamoja, mmoja wa kuupiga mtambo na mwingine wa kuisukuma mitutu ifunguke. Ukisogeza wenzo wa juu kwa kidole gumba, bunduki hujifungua yenyewe. Gharama hulipwa baadaye, wakati wa kufunga: mkono unapoirudisha mitutu mahali pake, ndipo springi zinapokazwa tena kwa risasi inayofuata.

Soma mpangilio huo kama umbo. Mwindaji ana haraka anapofungua, kwa kuwa ndege bado wanapita juu. Anapofunga, silaha tayari imejaa na mikono yote miwili imeishika vizuri. Beesley aliiondoa juhudi kutoka mahali inapoumiza akaiweka mahali isipohisiwa sana. Katika kitako, London ilificha kiungo kwenye nafasi. Hapa imekificha kwenye wakati. Sijui mfano mwingine wa mtambo wa mikono ambamo springi moja inafikiriwa kwa ustaarabu kama huu, na naamini ndiyo maana zaidi ya karne moja imepita bila kuguswa sana.

Kipimo cha mteja ni sehemu ya umbo pia. Mnunuzi hupewa bunduki maalumu ya kupimia, ambayo kitako chake kina maungio ya kurefusha, kushusha na kupinda, na fundi humtazama anavyoipeleka begani, kama fundi cherehani amtazamavyo mtu aliyejaribu kanzu. Kitako cha mtu wa mkono wa kulia hupindwa kidogo kwenda kulia ili jicho likae juu ya ule ukanda wa Manton bila shingo kujikunja. Vipimo hivyo huhamishiwa kwenye gogo la mjozi, mara nyingi kutoka Uturuki, lililochaguliwa ili nyuzi zake zipite zimenyooka kwenye shingo ya kitako, ambako mti ni mwembamba na kishindo ni kikubwa, na michirizi yake ya kupendeza ibaki nyuma, pasipobeba mzigo. Kazi nzima huchukua miaka, na bei ya bunduki mpya ya Purdey ya daraja hilo inazidi pauni laki moja za Uingereza. Si kazi ya mtu mmoja. Yuko wa mitutu, wa mtambo, wa kitako, wa nakshi, wa kumalizia, kila mmoja aliyepita uanagenzi wa miaka. Wengi wao hugonga herufi za kwanza za majina yao ndani, mahali ambapo bunduki ikishafungwa hazionekani.

Maandishi muhimu zaidi ya bunduki hizi yako upande wa chini. Chama cha Wafua Bunduki cha London kilipata hati ya kifalme mwaka 1637, na nyumba yake ya majaribio iko Commercial Road, Whitechapel, tangu mwaka 1675. Humo kila mtutu hupigwa kwa baruti nyingi kuliko ya risasi yoyote itakayopigwa maishani mwake. Ukistahimili hugongwa alama yenye taji. Sheria hairuhusu kuuza bunduki isiyo na alama halali, na mtutu ukipanuliwa kupita kiasi kwa matengenezo hurudishwa kujaribiwa upya. Kwa hiyo msomaji makini wa bunduki ya zamani huivua mitutu, huigeuza, na kuisoma tumboni. Juu kumeandikwa jina na anwani, lakini anwani inaweza kupotosha. Purdey walihamia Audley House, South Audley Street, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Ukiikuta anwani hiyo juu ya mtambo ambao namba yake ni ya miaka ya nyuma zaidi, usiseme ni udanganyifu: mitutu ilibadilishwa, na anwani inatoa umri wa mitutu tu. Mitutu hubadilishwa, vitako hubadilishwa. Kinachobaki ni mtambo na namba yake, na daftari la kampuni lililoiandika namba hiyo.

Umbo hili lina mwandishi mwingine ambaye Mayfair haimtaji mara nyingi, naye ni tembo wa Afrika Mashariki. Bunduki ya risasi nzito ya mitutu miwili isingekuwa na sura iliyo nayo bila mwili wake. Mtu aliyesimama mita chache kutoka kwa mnyama wa tani kadhaa anahitaji risasi ya pili mara moja, kutoka kwenye mtambo ambao hautegemei wa kwanza. Ndiyo maana ndani ya bunduki moja kuna bunduki mbili kamili. Na hapa ufundi wa kuunganisha unafika kilele chake. Mitutu hiyo haiko sambamba. Imeelekezana kidogo, kwa sababu kishindo huitupa bunduki kando kabla risasi haijatoka, kulia kwa mtutu wa kulia, kushoto kwa wa kushoto. Fundi hupiga, hutazama mahali risasi zilipotua, huyeyusha lehemu kwenye ncha, husogeza kabari ndogo iliyo kati ya mitutu, hulehemu tena, hupiga tena. Huendelea hivyo mpaka risasi za mitutu yote miwili zikae pamoja. Holland & Holland, kampuni nyingine ya London, wana viwanja vyao vya kupigia kwa kazi hiyo huko Northwood, kaskazini magharibi mwa London. Kabari hiyo ikishafunikwa haionekani tena, na mmiliki anaweza kuishi na bunduki yake maisha yote asijue kwamba iko.

Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwezi Aprili 1909 alikuwa na bunduki ya namna hiyo ya Holland & Holland, zawadi ya Waingereza waliompenda. Leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Frazier, Louisville, Marekani. Na siwezi kuisifu kabari ile bila kusema ilitumika kufanyia nini. Karakana za London zililishwa kwa muda mrefu na pembe za ndovu za Karamoja na Tsavo, na mabegi ya waliozibeba bunduki hizo porini yalikuwa mabegani mwa wapagazi wetu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa leseni. Kwangu mimi kujua hayo kunaongeza usomaji. Mtu anayesifu urari wa mitutu bila kumtaja aliyeusababisha amesoma nusu.

Sasa ukarabati. Bunduki ya mwaka 1890 ikiletwa kwa fundi, imechoka kwa namna zinazojulikana: kitako kimekwaruzika, mistari iliyokatana mahali pa kushikia imelainika, mitutu imepoteza weusi, nakshi zimefifia kwenye kingo. Kila moja ina dawa yake, na kila dawa inakula kitu.

Mti una dawa ya upole kuliko zote. Palipobonyea huwekwa kitambaa chenye unyevu na kupigwa pasi ya moto. Mvuke huingia na nyuzi zilizolala huinuka. Hakuna kilichoondolewa. Msasa ni jambo jingine. Fundi mvivu husugua kitako chote mpaka mikwaruzo iishe, na kile kimo kidogo cha mti juu ya chuma huisha nacho. Ukipitisha ukucha ukakuta mti uko chini ya chuma, kazi ile imeharibiwa na hakuna wa kuirudisha, kwa sababu mti hauongezeki. Kitako kitang'aa, na mnunuzi asiyejua atalipa zaidi kwa ajili ya mng'ao huo.

Mitutu hupewa weusi kwa kutu. Hilo bado hunishangaza. Fundi huondoa mafuta yote, hupaka dawa ya tindikali kwa sifongo, huiacha mitutu usiku kucha penye unyevunyevu mpaka ivae kutu nyekundu. Asubuhi huichemsha majini, wekundu ukageuka weusi, kisha huisugua kwa brashi ya nyuzi nyembamba za chuma. Hurudia, tabaka juu ya tabaka, mpaka kutu iliyofugwa iwe ngao dhidi ya kutu ya porini. Kwenye mitutu ya zamani ya Damascus, iliyofuliwa kwa vipande vya chuma laini na feleji vilivyosokotwa pamoja, fundi huishia kwenye kahawia, na kutu huuma kila aina kwa kasi yake mpaka msokoto wenyewe uchomoze kama maandishi. Lakini kabla ya kupaka lazima mtutu usuguliwe uwe safi, na kila usuguaji unapunguza unene wa ukuta wake. Fundi mwenye heshima na kazi hupima unene kwanza, kisha huining'iniza mitutu na kuigonga kwa kidole. Ikilia sauti safi inayodumu, lehemu ni nzima. Ikitoa mtetemo mchafu, kiungo kimeachia mahali fulani chini ya ule ukanda.

Rangi za mtambo, zile za samawati na kahawia zinazochanganyikana kama zimemwagika, zilipatikana kwa kuupika mtambo ndani ya mkaa wa mifupa na ngozi, kisha kuutumbukiza majini ghafla. Kuupika tena kunaweza kuupinda, na miezi ya masizi na tupa ikapotea kwa dakika. Mimi nasema usipikwe. Mtambo uliogeuka fedha kwa kushikwa na mikono ya vizazi vitatu umefika mahali ambapo hakuna tanuri linaloweza kuufikisha. Kuhusu nakshi nina msimamo uleule: patasi ya leo ikipita kwenye mchirizi wa mwaka 1890 inaandika juu ya mwandiko wa mtu mwingine, hata mkono ukiwa mwepesi kiasi gani.

Jumba la makumbusho lina maadili yake. Humo husafisha, huzuia kutu isiendelee, hupaka nta ya aina ile iliyobuniwa na maabara ya British Museum miaka ya 1950, huandika kila kilichofanywa, na huacha kila kitu kiweze kuondolewa siku nyingine. Sheria ya silaha ya Uingereza ya mwaka 1968 nayo huziruhusu bunduki za kale kumilikiwa bila cheti mradi ziwe za kumbukumbu au pambo tu. Ukiipiga risasi, ruhusa hiyo imekwisha. Biashara ya Mayfair inataka kitu kingine. Mteja anataka bunduki ya babu yake irudi shambani msimu ujao, ikiwa mpya, bila dalili kwamba iliguswa.

Na hapa ndipo uzuri wa London unapoingia matatani. Mtindo uliojengwa juu ya kuficha kiungo umezaa ukarabati unaojificha. Fundi hodari hujivunia kwamba hutajua alipopita, naye ana haki ya kujivunia, kwa sababu anaendeleza kanuni ileile ya Manton. Lakini kiungo kati ya mti na chuma kilifichwa ili bunduki iwe kitu kimoja mkononi. Kiungo kati ya mwaka 1890 na leo kikifichwa, bunduki haiongezeki umoja. Anayeisoma ndiye anayepotezwa. Kwa kazi ambayo thamani yake yote ni mkono wa mtu, kutojua ni mkono wa nani ni hasara kubwa kuliko mkwaruzo.

Mila ya biashara yenyewe ina suluhisho, na sioni kwa nini haitumiwi kwa ukarabati kama kanuni. Waliotengeneza mtambo na mitutu waligonga herufi za majina yao mahali palipofichika. Anayekarabati afanye vivyo hivyo: herufi mbili na mwaka, chini ya mitutu, karibu na alama ya majaribio ya Commercial Road, na mstari mmoja kwenye daftari la kampuni chini ya namba ya bunduki ukitaja kilichosuguliwa, kilichobadilishwa na unene wa mtutu uliobaki. Nje bunduki itabaki na ukimya wake wote. Atakayeivua mitutu na kuigeuza atajua ni mkono gani ulipita, mwaka gani, na ulichukua nini.